Miaka Mitano ya Kocha Maddock

Siku Chuo Kikuu cha Harlow kilipotangaza kwamba kocha Clint Maddock ameongezewa mkataba wa miaka mitano, Verlon Tackett alikuwa nyuma ya kaunta yake ya nyama akichambua bega la nguruwe, na hakuwa na habari. Alipata habari kwa mteja wa kwanza, ambaye aliingia amenuna. Yule bwana hakuulizia nyama. Alitoa simu, akaisimamisha juu ya kioo cha kaunta, akasema, "Haya, jitazame mwenyewe."

Verlon akajitazama. Pale kwenye picha alikuwa yeye, kitambi kikichungulia chini ya fulana ya kijani, amemkumbatia kocha Maddock shingoni kama ndugu waliopoteana vitani, mdomo wazi mpaka magego yanaonekana. Juu ya picha chuo kilikuwa kimeandika kwa herufi kubwa: MASHABIKI MMESEMA, NASI TUMESIKIA.

"Mungu wangu," Verlon akasema.

"Mungu usimsingizie. Yeye hakuwepo uwanjani. Wewe ndiye ulikuwepo."

Ni haki mji ukasirike, na anayetaka kujua kwa nini amjue kwanza Maddock. Katika mpira ule wa Wamarekani, wa kubebwa kwapani na kukimbizwa nao, timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Jaribio la nne likifika, kocha ana mawili: asukume mbele, au aamuru mpira upigwe teke, wapinzani wakauchukue huko mbali. Maddock alikuwa na moja tu. Hata ikibaki yadi moja, hata ukibaki upana wa kiganja, hata wapinzani wawe hoi wameshika magoti, yeye alikunja mikono kifuani akamwita mpiga teke. Kwa misimu saba timu yake, Vigogota wa Harlow, ilishinda nusu ya mechi na kupoteza nusu. Kocha mbovu kabisa hufukuzwa, watu wakapumua. Huyu alikuwa vuguvugu, na mtu hafukuzwi kwa uvuguvugu.

Verlon mwenyewe vuli nzima alikuwa akipiga simu redioni kudai Maddock aondoke. Sauti yake ilijulikana. Halafu ikaja Novemba na mechi ya mwisho, dhidi ya Dunmore, wale majirani wa ng'ambo ya mto ambao Harlow ilikuwa haijawafunga tangu nywele za Verlon zikiwa nyeusi. Dakika za mwisho, Vigogota wako nyuma, jaribio la nne, yadi moja. Hakuna ajuaye kilichompata Maddock siku ile. Mpiga teke alikwisha kuinuka kwenye benchi, Maddock akamwashiria akae. Vijana wakasukuma, wakaingia, wakashinda. Watu waliruka uzio, na katika vurumai ile Verlon akajikuta kwenye nyasi, uso kwa uso na Maddock, na mdomo wake uleule wa redioni ukafunguka ukapiga kelele: "Mpeni miaka mitano zaidi!"

Kamera nayo ilikuwa hapohapo, kana kwamba imetumwa.

"Ilikuwa furaha tu," Verlon alimwambia yule mteja. "Mtu akichangamka harusini akamwahidi bwana harusi shamba, kesho yake huwa anadaiwa shamba?"

"Sisi tumedaiwa," mteja akajibu, akaondoka bila kununua kitu.

Kutwa nzima ilikuwa hivyo. Mama mmoja alimwomba ratili mbili za soseji na miaka mitano ya mateso. Kijana wa duka la matairi aliinua kofia akasema, "Shikamoo mtia saini." Mzee aliyekuwa akila nyama ya moshi ya Verlon kwenye maegesho ya uwanja kabla ya kila mechi, na ambaye hajawahi kuleta hata mkate, alitangaza kwamba msimu ujao atatafuta jiko lingine. Verlon alicheka nao, kicheko cha meno tu. Lakini hao hawakumuuma sana. Aliyemkosesha raha ni Earlene, maana tangu asubuhi Earlene alikuwa hajapiga simu.

Earlene alikuwa dada yake, mkubwa wake. Alikuwa ameendesha basi la shule mpaka alipostaafu, na nusu ya mji ililelewa na sauti yake, sauti iliyoweza kumkalisha mtoto wa kiti cha mwisho bila dereva kugeuza shingo. Yeye na Verlon walirithi kwa baba yao viti viwili uwanjani, chini kabisa nyuma ya benchi la Vigogota, mahali ambapo kocha anasikia akitukanwa. Walirithi pia vile vipande vya mti wa hikori, jozi kwa kila mtu, ambavyo watu wa Harlow huvigonga wapinzani wanaposhambulia, uwanja mzima ukalia ko-ko-ko mpaka mbwa wa mjini wakabweka. Baba yao alikuwa na neno moja kila msimu ulipoharibika: "Mwakani." Alikufa nalo.

Jioni Verlon alikwenda kwa Earlene. Alimkuta amekaa jikoni, mtungi wake wa oksijeni umesimama pembeni kwenye kigari chake, mrija wa hewa umepita puani. Mapafu yalikuwa yamemwacha mwaka uliotangulia. Simu ilikuwa mezani imelazwa kifudifudi.

"Kaa," Earlene akasema.

"Dada, ile picha..."

"Nimesema kaa. Mkataba wa huyo bwana wako unakwisha lini?"

"Baada ya miaka mitano."

"Na daktari alisema nini? Si ulikuwepo? Si wewe uliyenishikia mkoba?"

Verlon akainama. Daktari alikuwa amesema miaka miwili, labda mitatu, majira ya baridi yakiwa na huruma.

"Basi huyo ndiye kocha wangu wa mwisho," Earlene akasema. Alikuwa anazungumza kwa vipande siku hizi, anapumzika katikati ya sentensi. "Mimi nilikuwa nimejipangia, Verlon. Nilisema mwaka huu watamtoa. Watamleta mwingine, kichaa kidogo, anayesukuma mbele. Nikasema nione msimu mmoja tu wa namna hiyo, basi. Kombe sikulitaka, kombe alilitaka baba. Mimi nilitaka mtu asiyeogopa yadi moja." Akavuta pumzi. "Wewe umewapa miaka yangu. Na ukashangilia."

"Sikujua watafanya hivi."

"Wewe lini uliwahi kujua? Masika wakitaka viti viandikishwe, waambie Earlene hamo. Nimechoka."

Viti vile viliandikwa kwa majina yao wawili, na chuo hakigawanyi jozi. Mmoja akijitoa vyote viwili vinakwenda kwa wanaovisubiri, na wanaosubiri nyuma ya benchi walikuwa wengi. Lakini Verlon alipokuwa akirudi nyumbani hakuwa anafikiria viti. Alikuwa anafikiria kwamba dada yake ametumia neno "nimechoka", ambalo hajamsikia akilitumia hata siku waliyomzika mumewe. Alijipiga paji la uso kwa kiganja, akajitukana kwa sauti mle garini.

Akaamua atakwenda kumwuliza Maddock ana kwa ana. Kila mwaka kabla ya Krismasi kocha hufanya kipindi cha mwisho cha redio kwenye mkahawa wa kambare, mashabiki wakila na kupanga foleni kwenye maikrofoni. Verlon alijiandaa kama mtu anayekwenda kuposa. Swali lilikuwa fupi: kwa nini unaogopa yadi moja? Angelisema wazi, mji mzima usikie, Earlene asikie huko aliko. Alilirudia akinyoa ndevu, akalirudia akiegesha gari.

Hakufika hata mbele ya foleni. Maddock alimwona toka mezani akasimama. "Huyu hapa! Mtu wangu mwenyewe!" Akaja akamkumbatia, kwa mara ya pili katika maisha yao, akamwekea mkono begani. Mtangazaji akaomba makofi. Nusu ya watu wakapiga, nusu wakatazama kambare wao.

"Sema, ndugu yangu. Una swali gani?"

Ubaya ni kwamba Maddock alikuwa mtu mwema. Mkono ulikuwa mzito na wa joto, macho yanamtazama mtu sawasawa. Na watu wa Harlow ndivyo walivyo: watamsema mtu redioni wiki nzima, watamchambua mpaka na mama yake, lakini akisimama mbele yao ulimi unaingia adabu. Wamefundishwa hivyo wakiwa wadogo na haiwatoki. Verlon aliitafuta hasira yake yote aliyokuja nayo, hakuiona.

"Dada yangu anaumwa," akajisikia akisema. "Ni mapafu. Anasikiliza sasa hivi. Alikuwa anauliza... kuhusu zile yadi moja moja, bwana kocha."

Maddock alishusha sauti, akaitikia kwa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Mwambie dada yako tunamwombea, sote. Na mwambie neno moja kutoka kwangu." Akasogelea maikrofoni. "Mwakani."

Damu ilimpanda Verlon mpaka masikioni. Neno la baba yake, kwenye kinywa kile! Alifungua mdomo.

"Asante sana, kocha," akasema.

Alitoka mle bila kula. Kwa Earlene aliingia bila kubisha, redio ingali inazungumza juu ya friji.

"Asante sana, kocha," Earlene akamwiga, kwa sauti ya puani. Kisha akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, Verlon akamshika mgongo mpaka kikapita.

"Umesikia alivyosema?"

"Nimesikia. Mwakani. Yeye anayo mwakani, anazo tano, zimepigwa muhuri." Akajifuta mdomo. "Viandikishe viti."

"Si umesema umechoka?"

"Najua nilichosema. Nimekaa hapa namsikia mtu yule ananiombea, na wewe unamshukuru kwa niaba yangu. Nikasema hapana. Siondoki duniani Clint Maddock akidhani Earlene Tackett amemwambia asante. Nitakwenda nimzomee. Mimi, kwa mdomo wangu, na yeye anitazame."

Majira ya baridi yalikuwa na huruma. Septemba ilipofika, mechi ya kwanza, jua linachoma, Verlon alimteremsha dada yake polepole kwenye njia ya mteremko ya uwanjani, kigari cha mtungi kikigonga kila ufa wa saruji. Watu waliwapisha. Watu wazima wenye ndevu walivua kofia wakasema, "Karibu, mama wa basi." Hakuna aliyemsalimu Verlon. Earlene alikaa kwenye kiti chake, akaweka hikori zake mapajani, akamtazama Maddock kisogoni kwa utulivu wa mtu anayesubiri zamu yake.

Hakusubiri sana. Kipindi cha tatu Vigogota walikuwa katikati ya uwanja, jaribio la nne, imebaki yadi moja. Uwanja mzima ukasimama. Wageni walikuwa hoi, mmoja amepiga magoti anatapika. Hata mtoto mchanga angesukuma.

"Sukuma," Earlene akanong'ona. Alikuwa ameshika mkono wa Verlon. "Sukuma, mjinga wewe. Mara moja tu."

Maddock akakunja mikono kifuani. Mpiga teke akakimbia kuingia uwanjani.

Earlene akasimama. Alisimama peke yake bila kushikwa, akavuta pumzi yote aliyoweza kuivuta, akafungua mdomo. Kikatoka kitu kama birika linaloanza kuchemka. Akajaribu tena, kifua kikamkatalia, pumzi ikakwama njiani, akaketi. Sauti iliyokuwa ikikalisha basi zima haikufika hata kwenye benchi. Alipiga hikori zake kwenye ubao wa kiti, mara moja, kwa nguvu, na machozi yakamtoka, na hayakuwa machozi ya ugonjwa.

"Zomea wewe," akamwambia Verlon.

"Dada, mimi? Watu wote hawa wana ile picha kwenye simu zao."

"Ndiyo. Wewe una mapafu, Verlon. Novemba uliyatumia. Yatumie."

Verlon akasimama. Huko chini Maddock aligeuka kuchukua maji, akamwona, akamtambua, uso ukamchangamka. Akamwinulia dole gumba. Verlon alisikia ile adabu inampanda kooni kama kwikwi, mkono wake wa kulia tayari unataka kuinuka kujibu salamu. Akaukamata kwa mkono wa kushoto. Akazomea.

Alianza peke yake, ikasikika vibaya sana, mtu mmoja mnene akilia kama ng'ombe kwenye ukimya. Watu wa kando wakageuka kuona ni nani. Dole gumba la Maddock likashuka polepole, na uso wa mtu yule mwema ukaumia, ukaumia kweli, na Verlon aliuona ukiumia na hakuacha.

"Tena," Earlene akasema.

Akazomea tena. Dada yake alikuwa ameinuka tena, amesimama ubavuni kwake, amemshika mkanda wa suruali asianguke, macho kwa Maddock, mdomo wazi sawasawa na wa mdogo wake, na mtu wa mbali asingejua kuwa sauti ile haikuwa yake.