Ndoa Iliyofutwa Kitabuni

Mavyaa wangu, mama wa mume wangu, ndiye aliyevifumania vitabu vyangu. Alikuwa anakwenda mazikoni, kanga yake imerowa, akaingia chumbani kwangu kuazima ya kwangu kama alivyokuwa akifanya siku zote. Miye nilikuwa uani nakuna nazi. Nilipomwona anatoka hana kanga mkononi, ila kitabu kakishika pembeni kwa vidole viwili, mbuzi nikaiacha pale pale na nazi yake.

"Mwanangu," akasema, "hawa wanaume nguo zao ziko wapi?"

"Wamevaa, mama. Zimebana tu."

"Zimebana tu," akarudia, akakigeuza kuangalia upande wa pili.

Miye ni mwalimu wa Kiingereza. Wakati huo nilikuwa nasomesha skuli moja ya Pemba, karibu na Mtambile, mke wa mtu, binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani Micheweni ambaye watu hutoka vijiji vya mbali kuja kumuuliza mambo ya dini. Na chini ya kanga zangu, pale mwanamke anapoweka dhahabu zake na udi wake, nilikuwa nimeficha vitabu vya katuni. Vya mashujaa wanaoruka, wanaobeba magari, wanaovaa majoho na barakoa. Vitabu vya watoto, na si watoto wa kwetu.

Alikuwa akiniletea kaka yangu aliyekuwa Maskati. Alifanya kazi katika duka la vitu vilivyotumika; Wazungu wakihama huuza nyumba nzima, vitanda na masufuria, na ndani ya maboksi mara nyingi hukutwa vitabu hivyo. Kaka alidhani vitanisaidia kusomesha. Mwanzo vilinisaidia kweli. Halafu nikawa nasahihisha mitihani ya watoto kwa haraka haraka ili nirudi kwenye kisa, na hapo nikajua kwamba jambo hili si la kumwambia mtu.

Nilikuwa na rai zangu. Leo hii naona haya kuziandika, lakini nilikuwa nazo, na kali. Nilizichukia zile hadithi kubwa ambamo mashujaa wa vitabu mbali mbali hukusanywa katika kisa kimoja. Mbingu inapasuka, kila mtu anakuja, na kila mmoja anapata maneno mawili ya kusema, kama wazee kwenye harusi. Kwanza wanapigana wao kwa wao kwa sababu ya kutofahamiana, halafu wanapatana, halafu anakufa mmoja, na sote tunajua atafufuka. Hayo ningeyastahamilia. Kilichoniuma ni yale maandishi madogo chini ya picha: soma kitabu fulani, namba fulani, ujue kilichotokea. Nikakisome wapi miye, Mtambile? Kaka alileta alichokiokota. Nilikuwa na mwanzo wa vita usio na mwisho, na mwisho wa vita vyengine ambavyo sikujua vilianza vipi. Sehemu za katikati nikizitunga mwenyewe, nikiwa napika.

Lakini kibaya zaidi kilikuwa kile cha kuanza upya. Kitabu kinakwenda, namba inapanda mwaka hata mwaka, unamjua mtu mpaka kovu lake la mkononi, kisha siku moja wenye kukichapa wanaamua kurudi namba moja. Joho rangi nyengine. Nywele nyengine. Yaliyotokea hayakutokea.

Nilikuwa nampenda mmoja, mwanamke mwenye uwezo wa kusimamisha maji. Mafuriko, bahari, mvua, akinyoosha mkono yanasimama. Mumewe hakuwa na uwezo wowote. Alikuwa dereva wa gari ya wagonjwa. Walioana katika kitabu nilichokisoma mpaka kikachanika mgongo, na harusini wakaja mashujaa wote na wakakaa kwa adabu. Kisha kaka akaniletea namba moja mpya. Yule mwanamke anaamka asubuhi kitandani peke yake, kijana, hana pete. Anatoka, anapishana njiani na yule dereva, na hawajuani. Nililia. Mume wangu aliporudi kutoka kazini mjini Chake akaniuliza nina nini, nikamwambia kichwa kinaniuma. Akenda kuninunulia dawa, na miye nikazimeza.

Basi mavyaa alipotoka na kile kitabu nilitaka ardhi ipasuke. Nilitaraji atamwambia mwanawe, au atavitia motoni. Hakufanya hivyo. Aliporudi mazikoni, akavua buibui, akakaa kwenye jamvi tulipokuwa tunachambua karafuu, akasema, "Hebu nisomee. Nijue kama ni uchafu au si uchafu."

Nikamsomea, nikimtafsiria. Yeye mikono yake ikiendelea na karafuu, anauliza maswali: huyu mama yake nani, huyu mbona hasali, hawa wanakula saa ngapi? Akaamua si uchafu, ni upumbavu. Kesho yake akataka niendelee.

Msimu ule wa karafuu ulipokaribia kwisha tukafika kwenye ile namba moja. Nilipomsomea kwamba mke kaamka hana mume, mavyaa akaacha kuchambua.

"Kamwacha lini?"

"Hakumwacha, mama. Wameanza upya. Ndoa haikuwapo."

"Haikuwapo vipi, na harusi tumehudhuria?"

Nikajaribu kumfahamisha kwamba ni mambo ya biashara, ya kutafuta wasomaji wapya. Hakukubali. Akasononeka siku kadhaa, akawa akichukua kitabu mwenyewe kuangalia picha, huku anasema peke yake: mwanamke hakuachwa, hakukaa eda, kisha mtu anamwambia wewe ni msichana. Kusoma alikuwa hajui, lakini kurasa zote alizijua.

Ndipo ukaja uchaguzi. Atakayesoma haya na ni Mpemba sina haja ya kumweleza. Asiye Mpemba nitamwambia machache. Vyama vingi vilipokuja kwetu havikuishia kwenye kura. Kulikuwa na duka la watu wa chama hiki na duka la watu wa chama kile, na mtoto akitumwa kibiriti aliambiwa akanunue wapi. Watu waliacha kuzikana. Msikiti mmoja ukawa miwili. Mume wangu alikuwa mtumishi wa serikali na ukoo wao ulijulikana kwa upande wa serikali. Ukoo wetu ulikuwa upinzani, wote, mpaka wafu. Tulipooana watu walikuwa bado wanachekeana. Baada ya uchaguzi ule hawakuchekeana tena, na wanawake kadhaa niliowajua walirudishwa kwao, wengine na watoto mgongoni.

Baba yangu alifika asubuhi moja pamoja na ami yangu. Nilimsikia akipiga hodi nikafurahi, nikatoka mbio. Hakunipa mkono. Alivua viatu, akaingia ukumbini, na mume wangu, aliyekuwa anajitayarisha kwenda kazini, akamkaribisha na kumwamkia kwa heshima. Baba akaitikia nusu.

"Sikuja kukaa," alisema, lakini alikaa. "Nimekuja kumchukua binti yangu. Wewe mpe talaka yake kwa wema, kila mtu abaki na watu wake."

Mume wangu akauliza, "Amekosa nini, baba? Au miye nimekosa nini?"

"Hukukosa wewe. Wamekosa wenzako."

Miye nilikuwa nimesimama mlangoni, kichwa chini. Niliona haya kwa ajili ya baba, mtu ninayemheshimu kuliko wote, kusema maneno yale ndani ya nyumba ya watu. Niliona haya pia kwa sababu jirani walikuwa wamenyamaza kimya, na nilijua wanasikiliza.

Baba akausogeza mto aegemee. Chini yake palikuwa na kitabu. Mavyaa alikuwa akikiangalia tangu alfajiri na hapo ndipo alipokiacha.

Baba akakinyanyua. Akafungua pale pale alipo yule mwanamke na joho lake, miguu wazi.

"Hichi nini?"

Mume wangu akanitazama. Hakukusudia ubaya, lakini baba aliliona jicho lake lilikokwenda.

"Weye?" baba akaniuliza. "Nimekusomesha Kurani miye, na haya ndiyo unayosoma kwa mumeo?"

Nilifungua mdomo, pasitoke neno. Na hapo mavyaa akaingia na birika la kahawa.

"Changu hicho," alisema.

"Chako, bibi? Unajua Kizungu?"

"Hata hichi Kiswahili cha kuandikwa sikijui. Lakini kisa nakijua. Nipe." Akakaa chini kizingitini, akakipokea, akaanza kumsimulia baba yangu, mwalimu wa chuoni wa Micheweni, kisa cha mwanamke anayesimamisha maji. Harusi ilivyokuwa. Mume alivyokuwa mtu wa kawaida, mpole. Ami alikuwa anaangalia dari. Baba alikuwa kaduwaa tu, kwa adabu ya kutomkata kauli mtu mzima mwenzake.

"Kisha akatoka njiani akakutana na mumewe," mavyaa alisema, akiweka kidole kwenye picha.

"Siyo ukurasa huo, mama," nikasema. "Hapo bado. Kwanza anaamka."

Nimeyasema hayo kwa mdomo wangu. Talaka yangu inazungumzwa, baba yangu na mume wangu wamekabiliana, na miye, niliyekuwa sina sauti, nilipata sauti ya kusahihisha ukurasa. Ami akanitazama kama anayemtazama mgonjwa. Mavyaa akafungua ukurasa wa kabla, akasema ahsante, akaendelea.

Alipomaliza akamgeukia baba. "Sasa mkwe, wewe ni mtu wa elimu. Huyu mwanamke ana mume au hana?"

Baba yangu alikuwa na udhaifu mmoja, kwamba suala la fikihi, la sheria za dini, hakuweza kuliacha likapita. Nilimwona anajizuia, na nilimwona anashindwa.

"Ndoa haifutiki hivyo hivyo," alisema. "Kuna talaka, kuna khului mke akijikomboa, kuna faskhi kadhi akiivunja, na kuna mauti. Zaidi ya hayo sikusoma."

"Na hawa waloandika kitabu?"

"Hao si mume na si kadhi. Hawana walijualo."

"Na asiye mume na si kadhi, akitaka ndoa ivunjwe kwa sababu zake?"

Baba akasema taratibu, "Umenitegea mtego, bibi."

"Sikukutegea. Swali hili lilikuwa linanikera tangu karafuu." Na ilikuwa kweli, nathubutu kuapa.

Baba akasimama. Akaniuliza, "Unakaa au unakwenda?"

"Nakaa," nikasema, kwa sauti ndogo hata akaniuliza tena. Nikarudia. Akavaa viatu vyake. Kahawa hawakuigusa, wala yeye wala ami, na kwetu mtu kutoka nyumbani kwa bintiye bila ya kutia kitu mdomoni ni msiba. Nilizimwaga zile kahawa mwenyewe.

Mume wangu alichelewa kazini siku ile. Kabla ya kutoka alisimama akafunga vifungo vya shati lake polepole, akasema, "Kwa kile kitabu ulipata la kusema. Kwa ajili yangu hukusema." Hakukasirika. Lau angekasirika ningejitetea. Alikwenda zake, na jioni aliporudi alizungumza mambo mengine, wala hakuwahi kuligusa tena lile neno.

Micheweni kisa kilienea. Nilipokwenda kwa mazishi ya shangazi, wanawake waliniangalia na kuzibana midomo yao kwa ncha za mitandio. Mwalimu wa mashetani wa chupi, ndivyo walivyoniita. Baba alinipa mkono, akaniuliza hali, akapita. Kwangu hakuja. Nilizaa hakuja. Mtoto akaanza skuli, hakuja.

Kisha wakubwa wakapatana. Tulisikia katika redio kwamba kuna maridhiano, na watu waliokuwa hawaamkiani wakaanza kuamkiana, kwa kuchungulia kwanza, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole. Mavyaa alikuwa mgonjwa, hainuki. Baba akaja kumjulia hali. Alikaa kwenye kigoda pembeni ya kitanda chake, wakazungumza habari za magoti na za sukari, za mvua, za nani kafariki. Halafu akaja ukumbini akala pamoja na mume wangu, sinia moja. Nikawasikia wanacheka. Baba akisifu samaki.

Miye nilikuwa jikoni, moshi machoni. Kila mtu alikuwa na furaha na miye nilikuwa na hasira, na niliona haya ya kuwa nayo. Nilitaka mtu aseme. Nilitaka baba ataje ile asubuhi, hata kwa neno moja, hata kwa kulaumu, ili iwe ilitokea. Hakutaja. Nikampelekea maji ya kunawa, nikammiminia, akaniombea dua kama ananiona kila siku.

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Jua lilikuwa kali, akafungua mwavuli wake na kunifunika na miye. Tulisimama hivyo tukisubiri gari.

"Mumeo mtu mwema," alisema. "Mbona hukuniambia?"

Nilitazama njia. Gari ilikuwa inakuja, naye akaanza kukunja mwavuli. Nikamshika mkono apande.