Bi Barafu na Nukta Sita za Joto

Saa tatu asubuhi, maabara haijachangamka, Bi Barafu yuko kwenye sinki anatwanga barafu kwa mchi. Wapitao mlangoni hawakosi kumtania: "Leo nani kakuudhi, mama?"

Jina hilo amepewa na wenzake. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ni kuhakikisha mitambo ya maabara haisemi uongo kuhusu joto. Anajaza thamosi barafu iliyosagwa na maji kidogo, anatumbukiza kihisi joto, waya wenye ncha ya chuma, kisha anatazama kioo cha kidhibiti, kifaa kinachoongoza joto la mtambo. Barafu inayoyeyuka ni nyuzi sifuri, na kioo nacho kiseme sifuri.

Leo kinasema nukta sita ya nyuzi chini ya sifuri.

"Nilidhani ni macho yangu," ananisimulia. Anavaa miwani, anakoroga, anasubiri dakika kumi. Nukta sita zile zile.

Kidhibiti hicho ni cha kabati la joto ambamo mtafiti mmoja, binti wa miaka ishirini na minane, amekuza chembe hai kwa miezi minane ili apate shahada yake. Zilitakiwa nyuzi thelathini na saba kamili. Kumbe kidhibiti kinasoma pungufu, na kabati limekuwa likizidisha joto!

Anafungua daftari la mtambo. Aliyepima mara ya mwisho, kabla binti hajaanza utafiti, ni yeye mwenyewe, saini hii hapa. Siku ile barafu ilikuwa haba, ikaelea juu, na ncha ya kihisi ikakaa chini kwenye maji ambayo hayajapoa sawasawa. Kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza. Maji yale ndiyo aliyoyahesabu kuwa sifuri.

Angeweza kurekebisha namba, akabandika stika ya kijani ya kuonyesha mtambo uko sawa, akaenda zake. Nani angejua?

"Wazo hilo lilinijia, sikufichi," anasema. "Lakini yule mtoto angeuandika uongo wangu kwa jina lake."

Anamwita, anamweleza. Binti anasikiliza mpaka mwisho, kisha anakaa sakafuni na kulia.

"Miezi minane, mama! Miezi minane!"

"Kosa ni langu, mwanangu. Naliandika humu daftarini na kulisaini."

Jumatatu binti ataanza upya. Bi Barafu anamshauri atafute fundi mwingine wa kumpimia. Binti anafuta machozi kwa mkono wa koti.

"Wa nini? Uje wewe. Ila safari hii nasimama hapo hapo, nione barafu imefika chini."

Bi Barafu ameshaomba iwe kanuni ya maabara nzima, kila fundi anapopima awepo wa kumtazama.

"Natumaini huyu binti atasimama kweli," anasema. "Asinionee haya."