Samaki wa Pasta Zéphirin

Ngosa alijifunza kukata karatasi kwa uvivu, akiwa bado msichana. Shangazi yake alimweka kwenye karakana yake ya ushonaji katika mtaa uitwao Kenya, awe anakata paterni za magauni. Lakini kila akimaliza mkono mmoja wa gauni, mabaki ya karatasi aliyageuza watu. Mteja mkorofi alikatwa kabla hajafika kona: makalio, kilemba, mdomo wazi. Shangazi alifoka, akacheka, kisha akaomba jirani yao naye akatwe.

Hakuchora kwanza kwa penseli. Mkasi ulitulia, karatasi ndiyo iliyozunguka, na wembe ulikuja mwishoni kutoboa jicho.

Ndipo Pasta Zéphirin, mchungaji wao, alipomwomba picha za kijitabu cha watoto, hadithi ya Yona: karatasi nyeusi, halafu fotokopi mjini. Mawimbi yalitoka membamba kama kamba za viatu. Yona akatoka kichwa chini, miguu juu. Kwa samaki, Ngosa akakwama. Kiumbe gani humeza mtu mzima bila kutafuna? Akakumbuka mahubiri ya Jumapili, yanayoanza asubuhi yakameza hata chakula cha mchana. Mkasi ukajua njia.

Siku ya kugawa vijitabu, mtoto wa kwanza kufungua alipiga kelele: "Pasta anakula Yona!"

Kanisa zima likafunua kurasa. Pua ile ile, na kidevu chenye mikunjo kile kile.

Baada ya ibada Pasta akamwita pembeni.

"Mama Ngosa, hii samaki njo nani?"

"Njo samaki, Pasta. Ni samaki tu."

"Iko na pua yangu!"

"Mungu aliipenda ile pua, akaitumia mara mbili."

Kabla Pasta hajapata mstari wa Biblia wa kumjibu, mkewe Clotilde akaingilia. "Zéphirin, acha mama wa watu. Hata miye nilikujua pale pale. Mama, ile ya karatasi yenyewe iko wapi? Nitaitundika mu salon."

Akaitundika kweli sebuleni, ndani ya fremu ya kioo, juu ya televisheni. Mwaka uliofuata Pasta alikuja mwenyewe karakanani, akakaa kwenye kiti cha wateja, kidevu ameinua ili mikunjo ipungue, akauliza kwa sauti ya chini kama kwenye kijitabu kipya cha safina Nuhu ameshapata sura.

"Bado," Ngosa akasema, akivuta karatasi. "Hata kiboko bado. Ukae vile vile, Pasta, na usihubiri."