Hatua ya Pili Niliyoiruka

Je, nimewafelisha wenzangu sita? Swali hilo lilininyima usingizi siku tatu, nilipokuwa mwanafunzi mtaani Buyenzi. Hadi leo, na diploma yangu mkononi, bado linanijia.

Enzi zetu za vita, risasi zikilia shule ilifungwa, na madaftari ndiyo yaliyotembea. Mmoja alimpelekea jirani daftari lake, jirani akanakili, akapitisha mbele, katikati ya harufu ya oili chafu ya gereji na sambusa za jioni. Somo la mzunguko wa seli, nililolisikia darasani bila kumaliza kuliandika, nililinakili kutoka kwa Godelieve, mwanafunzi mwenzetu wa mtaa wa Kinama, mbio mbio, kabla barabara ya kwao haijafungwa. Kisha akahama na daftari lake. Langu ndilo walilonakili wote.

Mtihani ukakaribia. Nikawa namsomea mama interfasi, kile kipindi kirefu ambacho seli huonekana imetulia, kumbe inajiandaa kugawanyika. Kwanza inakua, nikasoma, kisha inakagua kila kitu, halafu inagawanyika. Mama alikuwa anasukuma chapati. Akaniuliza, "Donge moja nikikata mbili na sijaongeza unga, si kila mutu atakula nusu?"

Nikatazama namba za mwalimu nilizozinakili: moja, kisha tatu. Hapo nikakumbuka maelezo yake darasani. Katika hatua ya pili seli hunakili kromosomu zake zote, ili kila seli changa ipate urithi kamili. Niliiruka. Wenzangu walikuwa wamenakili pengo langu, na Saidi, mtoto wa fundi magari, alikuwa hata amepanga namba upya ili zipendeze.

Ndipo woga ukaanza. Nikisahihisha, na kumbe nakumbuka vibaya, nitakuwa nimewapotosha mara mbili. Nikinyamaza, watafeli kwa mkono wangu. Na aibu je? Watoto wa leo hawaijui hofu hii: wanatoa ukurasa fotokopi, hawausomi, wanalala fofofo. Sisi, angalau kosa lilikuwa na mwenyewe, na kwao palijulikana.

Siku ya nne asubuhi, mtaa ulipotulia, nilichukua biki nikaanza kwa Saidi, kwa kuwa ndiye mwenye mdomo kuliko wote. Nilipomweleza, alicheka hadi baba yake akachomoza kichwa kutoka chini ya gari.

"We Asha, na siku ya mtihani pia utaruka?" Saidi akaniuliza.

Nikamwambia afungue daftari. Niliandika hatua iliyokosekana kwa mkono wangu mwenyewe, nikasubiri wino ukauke, kisha nikavuka barabara kwenda nyumba inayofuata.