Macho ya Sauda Juu ya Shaba

Jua la asubuhi linaingia kibarazani kwa Makame, fundi wa shaba mjini Biharamulo. Anagonga bamba la shaba. Mkewe, Sauda, ameinama karibu na nyundo kiasi cha kumtia mgeni hofu.

"Simama, Baba Salum," anamwambia mumewe. "Pameanza kuchoreka."

Makame anashusha nyundo. Yeye haoni kitu.

Shaba haipasuki ghafla. Ikivutwa kupita uwezo wake hutoa michirizi myembamba ya mshazari. Ukizidi kugonga, pale pale hukonda, hujibana kama kiuno, kisha hukatika.

"Zamani niliiona mwenyewe," anasema Makame. "Sasa naona ukungu tu."

Alilificha jambo hilo hata kwa mkewe, mpaka mwaka jana, 1942, alipopasua sufuria ya jirani akalazimika kumwambia. Sauda hakumlaumu. Aliokota vipande, akavigeuza juani, akamwomba amweleze cha kutazama.

Bamba la leo ni la Koleta, mjane kutoka kijiji cha Nyantakara.

"Shikamoo, baba," alisema siku alipolileta, limefungwa kwenye kanga. "Marehemu Emilian alilinunua ili binti yetu Benedicta akiolewa awe na birika lake. Tangu vita vianze shaba haipatikani. Likiharibika, sina jingine."

"Marahaba, mwanangu. Basi mpelekee fundi mwenye macho."

Makame alikuwa akimrudishia bamba, Sauda akanyoosha mikono akalipokea.

"Anayo macho," alisema. "Haya yangu."

Sasa Makame analaza bamba kwenye makaa mpaka liwe jekundu, analizamisha majini, nalo linalainika tena. Sauda anamshika mkono, anausogeza mbali kidogo na palipokonda. Nyundo inaanza upya, polepole.

Siku ya pili birika limekamilika. Koleta anapitisha kiganja kwenye tumbo la birika, analizungusha, anarudia. Hapana ufa.

"Emilian angelipenda," anasema, na kujifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Alipokwisha kuondoka, Makame anasema lililo moyoni.

"Macho haya yakizima kabisa, nataka ugonge wewe. Mimi nitashika bamba, nisikilize mlio."

"Nyundo yako nzito," Sauda anamjibu. "Kwanza nichongee mpini wangu."

Makame anatabasamu. Tawi la mpera amekwisha kulikata. Linakauka juu ya jiko.