Pindo Lililokwenda Upande

Leo nimemsema fundi mmoja vibaya mbele ya mteja.

Shangazi yangu alikuja kwenye kibanda changu cha kushonea hapa Mpanda na shuka lake la viraka. Panya amelitoboa.
Nikalitandaza mezani, jicho likaenda kwenye pindo la upande mmoja.
Limepinda kama njia ya ng'ombe.

Nikaanza somo, mnanijua.
"Shangazi, huyu fundi wako alifuata maua ya kitenge, na maua mara nyingi yanachapwa upande. Unavuta uzi mmoja wa kitambaa kwanza. Ukitoka unaacha mstari, ndipo unakata. Alikuwa na haraka gani?"

Shangazi akanijibu:
"Fundi ni wewe. Mwaka tisini na sita, nilipoolewa kule Kasokola. Ndiyo kwanza ulikuwa umepata cherehani."

Nikakaa.
Halafu nikachukua mkasi, nikamwambia nalifumua sasa hivi, namwekea pindo jipya.

Akalivuta shuka lake.
"Mimi nimeleta tundu la panya. Pindo liache. Nikilipapasa gizani, najua huku ndiko miguuni."

Mafundi wenzangu, nyie mngefanyaje?
Mimi nimeziba tundu.