Madamu Funga-Macho na Mlango wa Watu

Hebu mwone anavyofika. Ni saa nne asubuhi hapa Bwera, jua limeshavuka vilima, na pikipiki inasimama mbele ya safu ya stoo mpya, zile za barabara inayoteremka kwenda mpakani mwa Kongo. Anayeshuka ni mwanamke mfupi, mnene kidogo, viatu vyake vimejaa vumbi jeupe la Kasese. Mgongoni amebeba kipande cha bomba la maji, la plastiki, alichokitia kifuniko huku na huku. Humo ndimo anamowekea ramani. Kiunoni ana futi ya chuma. Na mfukoni mwa koti, ukitazama vizuri, kuna ncha ya kitambaa cheusi inachungulia.

Hicho kitambaa tutakirudia. Usikisahau.

Hata nauli hajalipa, vijana wa bodaboda wameshaanza.

"Madamu Funga-Macho ameshuka! Leo unafunga nani?"

"Nifunge huyu," anajibu, akimwonyesha aliyemleta. "Kutoka Kisinga mpaka hapa ameendesha kama mtu tayari amefungwa."

Wanacheka, na aliyetaniwa anacheka kuliko wote. Jina lake hasa ni Apio. Kazi yake ni kukagua majengo ya biashara na ya viwanda: stoo, mashine za kukoboa kahawa, gereji, maduka ya safu. Ukitaka kujenga kwenye maeneo yaliyotengewa shughuli hizo, ramani yako lazima ipite kwanza mezani pake kule Kasese. Ukimaliza kujenga, anakuja mwenyewe kuona kama ulichojenga ndicho ulichochora. Asipokupa cheti, hufungui.

Sasa, watu wengi hudhani kazi kama hiyo ni ya kukataza tu. Mimi nilidhani hivyo pia, mpaka nilipomwona akitembea. Anaanzia barazani. Anataka baraza za maduka yote ya safu moja ziwe na kimo kimoja, ili mama mwenye mzigo kichwani atoke duka la kwanza mpaka la mwisho bila kupanda na kushuka. Anataka pawe na mteremko wa saruji kando ya ngazi, kwa sababu hapa mpakani wapo wafanyabiashara wasioweza kutembea, wanaobeba bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu, na hao nao ni wateja. Anataka sakafu iinuliwe, maana mito yetu inayotoka mlimani haibishi hodi. Anataka ukuta urudi nyuma ya barabara kiasi cha lori kugeuza bila kumsukuma mtu mtaroni. Madirisha ya stoo ya kahawa anayataka juu, karibu na paa, vumbi lipate pa kutokea. Na juu ya madirisha hayo, mkanda wa zege uzunguke jengo zima, kwa sababu ardhi ya huku hutikisika mara mojamoja.

"Nyumba ni kama mutu kwa njia," huwaambia mafundi kwa Kiswahili chake cha Kasese. "Isimame vizuri, isikanyage wengine."

Na mwisho kabisa, baada ya yote hayo, anatoa kitambaa.

Kitambaa kina asili yake. Apio alizaliwa kule Kasese, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha saruji. Baba yake, mzee Danieri, alitoka mashariki ya nchi akiwa kijana kufuata kazi, akawekwa kwenye kufungasha mifuko. Mfuko wa saruji ukipasuka, vumbi hupanda, na kwa dakika nzima huoni hata kiganja chako. Danieri alijifunza kutoka humo kwa miguu, bila macho. Akirudi nyumbani aliwafunga wanawe vitambaa usoni, akawazungusha mara tatu, kisha akasema, "Haya, nitafutieni mlango." Wa kwanza kutoka alipata kipande cha muwa. Apio alikuwa wa mwisho kuzaliwa, na mara nyingi ndiye aliyekula muwa. Alipokua akaenda kusomea uchoraji wa majengo, na anasema kwamba darasani walipofundishwa habari za milango ya dharura alitabasamu peke yake. Alikuwa ameshafaulu somo hilo akiwa bado ana meno ya utoto.

Basi. Sasa nikupeleke kwenye stoo ya Hajji Abubaker.

Hajji ni mfanyabiashara wa kahawa, na hapa Bwera jina lake ni safi. Miaka yote hiyo jirani na mpaka, hakuna aliyewahi kusema mzigo wake umepita njia ya panya. Alihangaika na stoo za kukodi zinazovuja, hatimaye akapata kiwanja chake, akaamua kujenga. Aliijenga stoo hiyo akiwafikiria akina mama wanaochambua kahawa, wapata arobaini, na mkubwa wao ni Munirah, dada yake wa tumbo moja. Hao hukaa chini stoo nzima, magunia ya katani, yanayoshika moto upesi, yamewazunguka pande zote, kutwa.

Ramani ilipofika Kasese, Apio aliipenda. Aliongeza sharti moja tu, kwa mkono wake, kwa wino mwekundu: "Stoo hii lazima iwe na mlango wa nyuma."

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe ni la mtu wa Kasese, si la mtu wa Bwera. Kule kwao mlango wa nyuma ni mlango ulio nyuma. Hapa kwetu, ambako nyuma ya stoo ile kuna mto, na ng'ambo ya mto kuna Kongo, mlango wa nyuma ni magendo. Sukari isiyolipiwa ushuru "imepita mlango wa nyuma." Mtu aliyetajirika ghafla "anakula mlango wa nyuma."

Fundi Zedekia ndiye aliyeyasoma maandishi hayo kwa sauti mbele ya vibarua. Walicheka mpaka wakaketi kwenye mchanga. Ilipofika adhuhuri habari ilikuwa msikitini. "Hajji, hongera! Serikali imekupa ruhusa ya maandishi!" Mwisho wa wiki watu walikuwa na jina jipya kwa ajili yake: Hajji Mulango ya Nyuma.

Hajji akamwacha Zedekia aujenge mlango kama ulivyochorwa, na kwa miezi mitano mchanga, matofali, mabati, kila kitu kilipitia hapo, maana upande huo ndio uliokuwa na nafasi. Kisha siku mbili kabla ya kupiga lipu akamwambia aujaze matofali. Ukuta ukawa ukuta.

Apio akaja kukagua. Msimu wa kahawa ulikuwa umefika, magunia ya kwanza yameshapangwa ndani, na akina mama walikuwa wamekuja kuchagua pa kukaa, tayari kuanza Jumatatu. Alizunguka na futi yake, akasifu sakafu, akasifu madirisha, akausifu mkanda wa zege. Halafu akasimama mbele ya ukuta wa nyuma.

"Hajji, mulango yangu iko wapi?"

"Mulango yako? Kwani weye uko na mulango kwa stoo yangu?"

"Ile tuliandika kwa pulani."

Hajji akavua kofia, akaifuta, akaivaa tena. "Madamu, sikia. Miye niko mutu ya sala. Mulango ya mbele nimeweka mubili, kubwa, lori inaingia. Ile ingine sitaki. Batu batasema nini?"

"Batu bameshasema," Munirah akadakia kutoka kwenye magunia. "Weye unaogopa midomo, Abubaker. Siye tunaogopa moto."

"Munirah, nyamaza."

"Ninyamaze, halafu niungue nimenyamaza?"

Akina mama wakaguna. Hajji akamgeukia Apio, akasema taratibu kwamba wapo wakubwa wanaomfahamu, na kwamba cheti kinaweza kutiwa sahihi na mkono mwingine.

"Inaweza," Apio akakubali, bila kukasirika. "Huyo mukubwa mwambie kitu moja tu: aje Jumatatu akae hapa na hawa mama, huku nyuma kabisa. Mimi nitaleta chai."

Nje lori lilikuwa likipiga honi. Kila mtu mle ndani alijua kilichokuwa mezani: au Hajji abaki na jina lake, au wale mama wapate pa kutokea, na ilionekana hakuna namna ya kupata vyote viwili.

Ndipo kitambaa kikatoka mfukoni. Apio hakumgusa Hajji. Anajua mipaka ya heshima. Alimpa Nasif, mtunza stoo.

"Hajji, hii stoo ni yako, unaijua kuliko mimi. Ukitoka na macho imefungwa, mimi ninaweka sahihi leo."

Mzee akacheka. Stoo aliyoilaza na kuiamsha kwa miezi mitano! Akajifunga mwenyewe, Nasif akakaza fundo. Wakamzungusha mara tatu katikati ya magunia. Munirah akasema, "Moto, Hajji, moto!" na akina mama wakaanza kukohoa kama walio kwenye moshi, wengine kwa kicheko.

Hajji akanyoosha mikono. Hatua moja, mbili. Bega likagusa gunia, akajirudi. Kisha tukamwona miguu imepata kitu. Mwendo ukawa wa mtu anayejua anakokwenda, kichwa juu, akapita kati ya safu mbili za magunia bila kugusa hata moja, moja kwa moja, mpaka kiganja chake kikatua ukutani. Akapapasa. Akasukuma kidogo.

"Nimefika," akasema. "Fungueni."

Akavuta kitambaa. Alikuwa amesimama palepale pa matofali mapya, mahali ambapo miguu yake ilipita kila siku ya ujenzi. Nyuma yake walikuwa akina mama arobaini, na dada yake, wote wakimtazama. Moto ungekuwa wa kweli, wangekuwa wamemfuata.

Hajji alikaa juu ya gunia. Na Apio, ambaye mtu mwingine angemtegemea aseme "umeona?", alifungua bomba lake, akatandaza ramani sakafuni, akapiga magoti.

"Kosa ni yangu," akasema. "Mimi niliandika neno mbaya. Sikujua hapa inaitwa nini. Hajji, unisamehe." Akayafuta yale maneno mekundu kwa mistari miwili. "Niambieni basi. Niandike nini?"

Munirah ndiye aliyejibu. "Ile ya mbele ni ya mizigo. Andika hii ni mulango ya batu."

Apio akaandika: "Mlango wa watu."

"Na ipige kelele," Hajji akasema ghafla, akisimama. "Muizi hafungui mulango yenye kelele. Tundika kengele ya chuma hapo juu. Ikifunguka, Bwera yote isikie, mpaka kwa afande wa ushuru."

Zedekia aliubomoa ukuta kesho yake, kimyakimya, bila kusoma chochote kwa sauti. Mlango ukatiwa, wa chuma, unaofungukia nje kwa kusukumwa tu, na upande wa mtoni hauna kitasa wala pa kushika. Jumapili wakaujaribu. Akina mama wakajifunga khanga na mitandio usoni, wakashikana mabega, Munirah mbele. Kengele ililia hadi mbwa wakabweka ng'ambo ya mto. Askari wa ushuru akaja mbio, akakuta wanawake arobaini wamesimama juani, hawaoni, wanacheka.

"Nini hii? Munapitisha nini?"

"Batu, afande," Munirah akajibu, kitambaa bado usoni. "Ushuru yake ni ngapi?"

Afande alijitahidi kukaza uso. Alishindwa. "Endelea!" akaamuru, akarudi zamu yake.

Cheti kilitiwa sahihi hapohapo, juu ya mgongo wa gunia, na Jumatatu kahawa ikaanza kuchambuliwa. Lile jina la utani la Hajji lilikufa. Sasa wenye stoo za jirani, wakichora, humwambia fundi wenyewe aweke mlango wa watu, na wengine wanabishana kengele ya nani ina sauti kubwa. Apio hajawahi kudai kwamba neno hilo ni lake. Akiulizwa husema ni la Munirah.

Hata hivyo anarudi kila msimu, kama leo, kwa sababu anajua magunia yana tabia ya kusogea. Yanaanza kwa moja kuegemezwa mlangoni kwa siku moja tu. Ndiyo maana umemwona akishuka asubuhi hii, na ndiyo maana kitambaa kinachungulia. Hajji ameshamwona. Anavua kofia, anaifuta, anaivaa tena, na mkono ameshaunyoosha kukipokea.

Nawe uliyenisikiliza mpaka hapa, mahali hapo unapofanyia kazi kutwa: ukifumba macho sasa hivi, miguu yako itakufikisha mlangoni, au ukutani?